Taranta: Gitaa la wachimba migodi lisilohesabiwa mapigo

Katika muziki wa flamenco wa kusini mwa Uhispania kuna mtindo wa gitaa ambao msikilizaji hawezi kuufuata kwa kugonga mguu wala kupiga makofi. Mtindo huo unaitwa taranta. Ulikua miongoni mwa wafanyakazi waliohama makwao kutafuta riziki migodini, na leo unaweza kujifunzwa mbali na Uhispania, hata katika chumba cha kupanga cha Abu Hamour, mjini Doha. Kwa mwanafunzi atokaye Afrika Mashariki, taranta ni ngumu kwa vidole lakini si ngeni kwa sikio. Aliyewahi kusikiliza udi ukitangulia wimbo wa taarab ameshasikia jambo linalofanana nayo sana.

Abu Hamour na wageni wake

Abu Hamour, ambayo wenyeji huiita pia Bu Hamour, iko kusini-magharibi ya katikati ya Doha. Ni mtaa wa makaazi, shule na maduka, na moja ya majengo yake makubwa ya biashara linaitwa Dar Al Salam, jina linalomfanya Mtanzania apunguze mwendo na kulisoma mara ya pili. Pembezoni mwake ndipo palipotengwa eneo la makanisa, ambako kanisa Katoliki la Our Lady of the Rosary, la kwanza kujengwa nchini Qatar, lilizinduliwa mwezi Machi mwaka 2008.

Wakenya, Waganda, Watanzania na wengineo kutoka Afrika Mashariki wanafanya kazi Qatar katika ulinzi, hoteli, udereva, usafi, uuguzi na maofisini. Sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 za kazi kwa wiki, zikipunguzwa kuwa 36 katika mwezi wa Ramadhani. Ukiondoa usingizi, kufua, kupika na simu za nyumbani, kinachobaki ni saa chache za jioni na siku moja ya mapumziko.

Anayetaka kujifunza ala ya muziki katika hali hiyo ana sababu njema za kuitazama taranta. Haihitaji bendi, ngoma wala wachezaji. Hupigwa na mtu mmoja aliyeketi, kwa sauti ambayo si lazima ivuke ukuta. Zaidi ya hayo, inazungumzia hali anayoifahamu: kuwa mbali na nyumbani kwa ajili ya mshahara.

Taranta ni nini?

Nyimbo nyingi za flamenco zimefungwa na utaratibu wa mapigo uitwao compás. Katika soleá, kwa mfano, mapigo huenda kwa mzunguko wa 12, na uzito huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mpiga gitaa akikosea mzunguko huo, mchezaji hupotea na wapiga makofi hunyamaza.

Liko hata hivyo kundi jingine ambalo Wahispania huliita toque libre, yaani upigaji huru. Ndani yake zimo taranta, minera, granaína, rondeña na aina za malagueña. Hakuna mzunguko wa mapigo unaorudi. Kifungu kimoja cha muziki kinaweza kukimbia, kingine kikatembea, na baina yao pakawa na kimya ambacho urefu wake huamuliwa na mpigaji mwenyewe.

Uhuru huo huwapotosha wanafunzi wengi, wakadhani kwamba maadamu hakuna mapigo basi kila kitu kinaruhusiwa. Sivyo. Taranta ina mahali pa kuanzia, mahali pa kupumzikia na njia zinazojulikana za kufika hapo. Kilichoachiwa ni mwendo peke yake. Ni kama mzee anayesimulia kisa kwa kituo: msikilizaji hajui atanyamaza lini, lakini anajua kisa kinaelekea wapi.

Ndugu yake wa karibu ni taranto. Sauti zao zinafanana, lakini taranto ina mapigo ya kuhesabika na huchezwa jukwaani. Jina lenyewe linahusishwa na watu wa jimbo la Almería.

Kutoka Almería hadi La Unión

Katika karne ya 19 milima iliyo karibu na bandari ya Cartagena, kusini-mashariki mwa Uhispania, ilifunguliwa kwa uchimbaji wa risasi, fedha na madini mengine. Maelfu ya watu walihama kutoka Almería na kwingineko Andalusia kwenda kufanya kazi huko, na mji wa La Unión ukakua juu ya jasho lao. Walikwenda na fandango za kwao, nyimbo za kijijini zilizokuwa zikichezwa. Katika mazingira mapya mwendo wa nyimbo hizo ulilegea, mapigo yakaachwa, na maneno yakageukia giza, taa ya mchimbaji, maporomoko na aliyeachwa nyumbani.

Nyimbo hizo ziliimbwa pia katika mikahawa ya mji. Anayekumbukwa zaidi miongoni mwa waliozikuza ni Antonio Grau Mora, aliyejulikana kama Rojo el Alpargatero, ambaye alikuwa mwimbaji na pia mwenye mkahawa huko La Unión. Baadaye mwimbaji mashuhuri Antonio Chacón wa Jerez, aliyefariki mwaka 1929, alizipeleka nyimbo za migodini kwenye majukwaa ya miji mikubwa.

Aliyempigia Chacón gitaa kwa miaka mingi ni Ramón Montoya. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa gitaa la flamenco linalopigwa peke yake bila ya mwimbaji. Mwaka 1936 alirekodi mjini Paris mfululizo wa vipande vya gitaa pekee ambavyo hadi leo ni darasa kwa wanaojifunza upigaji huru. Baada yake alikuja Sabicas, mzaliwa wa Pamplona, aliyeondoka Uhispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuishi Marekani hadi alipofariki New York mwaka 1990. Mwaka 1973 Paco de Lucía alitoa albamu ya Fuente y caudal, na kipande kilichoipa albamu hiyo jina lake ni taranta.

Migodi ya La Unión imekwishafungwa. Wimbo umebaki. Tangu mwaka 1961 mji huo huandaa kila mwaka tamasha la nyimbo za migodini, ambalo tuzo yake ya waimbaji inaitwa Lámpara Minera, yaani taa ya mchimbaji, na ya wapiga gitaa Bordón Minero. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiingiza flamenco katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Gitaa jingine la migodini

Afrika nayo ina gitaa lililokulia migodini, na lugha yake ni Kiswahili. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kwenda kuchimba shaba ya Katanga. Katika miji ya Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Lubumbashi na Likasi, watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili, na vijana wao wakajifunza gitaa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Kipande chake cha Masanga kilimfanya ajulikane mbali sana na Katanga. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kimoja kikishika nyuzi nene na kingine kikijibu kwenye nyembamba, kiasi kwamba msikilizaji hudhani anasikia watu wawili.

Tofauti yake na taranta ni kubwa. Gitaa la Katanga husimama juu ya mapigo. Yakiondolewa, jengo zima huanguka. Kwa sababu hiyo, kijana wa Lubumbashi, Kigoma au Nairobi aliyelelewa na gitaa la namna hiyo, au na benga, au na nyimbo za kwaya, huja kwenye taranta akiwa na mkono wa kulia ulio hodari na mguu usiotulia. Kidole gumba chake kimeshafuzu nusu ya somo. Kilichobaki ni kuufundisha mguu kunyamaza.

Taksimu, jamaa wa karibu

Kwa upande wa kuachia mapigo, mwalimu wa karibu yuko pwani. Katika taarab ya Unguja, Lamu na Mombasa, kabla ya wimbo kuanza, mpiga udi au kanuni hupewa nafasi ya kupita peke yake. Ngoma hunyamaza na mpigaji hutembea ndani ya maqamu ya wimbo, akionyesha sauti zake moja baada ya nyingine, akipanda, akishuka, akirudi mahali pa kutulia. Hiyo ndiyo taksimu. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa udi waliosifika kwayo.

Desturi hiyo ina umri mrefu Afrika Mashariki. Masimulizi ya Zanzibar yanaihusisha taarab na zama za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye inasemekana alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa jina la Dhow Countries Music Academy, kilifunguliwa Unguja mwaka 2002 na kimefundisha udi na kanuni kwa vijana wengi.

Inafaa hapa kutoa tahadhari. Wapo wanaosema kwamba flamenco ni muziki wa Kiarabu uliobadilishwa jina, na humtaja Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad akafika Córdoba mwaka 822. Ni kweli kwamba udi ulivuma Andalusia kwa karne nyingi. Lakini flamenco kama inavyojulikana inaonekana katika kumbukumbu za maandishi kuanzia karne ya 18 na ya 19, na ndani yake mna mchango wa Wagitano, wa Waandalusia, na hata wa ng'ambo ya Atlantiki. Taksimu na taranta si mama na mwana. Ni majirani wanaosalimiana kwa lugha zinazofanana.

Wala mkaazi wa Doha hahitaji kwenda mbali kusikia sauti huru. Kabla ya biashara ya lulu kuanguka katika miaka ya 1930, majahazi ya wapiga mbizi wa Ghuba yalisafiri na mwimbaji maalumu aitwaye nahham. Kazi yake ilikuwa kuwatia moyo mabaharia kwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka. Baadhi ya wanaume waliokuwa majini walikuwa wana wa Afrika Mashariki walioletwa utumwani, habari inayosimuliwa katika makumbusho ya Bin Jelmood katikati ya Doha, yaliyofunguliwa mwaka 2015.

Sauti ya nyumbani

Taranta ina sauti moja ambayo kila kitu huirudia. Kwenye gitaa ni Fa kali, yaani Fa iliyopandishwa nusu sauti, inayopatikana kwenye uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, katika freti ya pili. Juu ya sauti hiyo hujengwa kodi, kama wapiga gitaa wanavyoziita noti kadhaa zinazolia pamoja. Jambo la pekee ni kwamba nyuzi mbili nyembamba, Si na Mi, huachwa wazi bila ya kubanwa. Kwa kanuni za kawaida noti hizo hazielewani vizuri na wenzao. Zinakwaruzana, na huo mkwaruzo ndio unaoipa taranta harufu yake ya chuma na giza. Mwanafunzi anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ameshika vibaya.

Njia ya kurudi nyumbani ni mteremko wa kodi nne: Si ndogo, La, Sol, kisha Fa kali. Sol iko nusu sauti tu juu ya Fa kali, na hatua hiyo fupi ya mwisho ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba safari imekwisha.

Aliyejifunza maqamu atautambua mpangilio huu. Pale kodi ya mapumziko inapolia, sauti ya tatu ni La kali, nao ufa mpana kati yake na Sol ni ule wa Hijazi. Lakini katika kupita njiani, mpigaji mara nyingi hutumia La ya kawaida, na hapo harufu hubadilika kuwa ya Kurdi. Kuruka huku na huko baina ya La hizo mbili ni sehemu ya utamu. Tofauti na udi, gitaa lina freti, kwa hiyo haliwezi kutoa robo sauti za Rasti au Bayati, na mwanafunzi asijaribu kuzilazimisha.

Hatua za kujifunza

Ya kwanza ni kusikiliza, na kwa mpangilio. Mwanafunzi achague rekodi moja ya zamani ya wimbo wa taranta na moja ya gitaa pekee, azisikilize mara nyingi kabla ya kugusa uzi. Kila muziki unapotulia, aimbe kwa sauti ya chini ile noti ya mapumziko. Akiweza kuipata bila ya gitaa mkononi, ameanza.

Ya pili inaonekana kwenda kinyume: ajifunze kwanza mtindo wenye mapigo. Soleá au tangos, pamoja na metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, humpa mpigaji mkono ulio imara. Mtu hawezi kuachia kitu ambacho hajawahi kukishika. Wanaoanza moja kwa moja na upigaji huru mara nyingi huficha udhaifu wa vidole nyuma ya jina la uhuru.

Ya tatu ni kidole gumba na mkono wa kushoto. Vifungu vingi vya zamani vya taranta hupigwa kwa gumba kwenye nyuzi nene, huku vidole vya kushoto vikigonga au kuvuta uzi ili noti nyingine zilie bila ya mkono wa kulia kuzipiga. Ufundi huo unaitwa ligado. Kwa wiki za mwanzo, dakika 10 za ligado za polepole zina faida kuliko saa moja ya kukimbizana na rekodi.

Ya nne ni vidole vingine. Arpegio hutawanya noti za kodi moja moja. Tremolo hufanya uzi mmoja utetemeke kama sauti isiyokatika: baada ya gumba, vidole hufuatana shahada, pete, kati, shahada. Ni mapigo 4 baada ya gumba, ilhali wapiga gitaa wa kiklasiki hutumia 3.

Ya tano ndiyo kiini. Mwanafunzi achukue kifungu kimoja cha jadi, kinachoitwa falseta, akijifunze chote kwa sikio. Yapo maandishi yanayoonyesha kwa tarakimu uzi upi na freti ipi. Yanasaidia kujua mahali pa kidole, lakini katika mtindo huu hayawezi kumweleza mpigaji asubiri kiasi gani. Karatasi haionyeshi pumzi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusoma ukurasa mmoja, noti zote zikawa sahihi, na mmoja tu ndiye akawa amepiga taranta.

Mizani nane

Kuna zoezi ambalo Mswahili anaweza kulifanya kwa urahisi kuliko wengine. Beti za nyimbo za jamii ya fandango huwa na mistari 4 au 5, na kwa kawaida kila mstari una silabi 8. Huo ndio urefu wa kipande kimoja cha shairi la Kiswahili la mizani 16, linalogawanyika 8 kwa 8.

Mwanafunzi na achukue ubeti anaoukumbuka tangu shuleni, au alioutunga mwenyewe, aughani kama malenga aghanivyo: bila ya ngoma, akiivuta silabi ya mwisho ya kila kipande, akipumua, kisha akiendelea. Baada ya kila kipande aweke gitaa chini ya pumzi hiyo, kodi moja au kifungu kifupi, asiongeze neno lingine mpaka sauti ya uzi ianze kufifia. Akifanya hivyo kwa wiki chache, ataona kwamba kimya kimepata urefu wake chenyewe, bila ya saa.

Zoezi hilo si mchezo tu. Mpiga gitaa wa taranta alianza kama mtumishi wa mwimbaji, na bado wanaofahamu humpima kwa kazi hiyo. Mwimbaji hugawanya ubeti katika vifungu 6. Gitaa humtangulia, humwonyesha sauti, kisha humfuata. Uimbaji unapoanza, wimbo huondoka kwenye Fa kali na kuhamia Re kubwa. Vifungu hutua kwa zamu kwenye Re, Sol, Re, La na Re, na cha 6 hupita Sol na kurejea Fa kali. Mpigaji hajui mwimbaji atavuta sauti kwa muda gani. Kazi yake ni kusubiri, kusikia sauti inapoelekea kutua, na kuwa pale na kodi yake wakati huohuo. Akiwahi amemkata kauli, akichelewa amemwacha peke yake.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kupiga kila kitu polepole. Uhuru si uzito. Rekodi nzuri zina mbio za ghafla zinazofuatwa na utulivu, na kila kimoja humpa mwenzake maana.

La pili ni kuogopa kimya. Mpigaji hujaza kila nafasi kwa tremolo, kama mgeni anayesema mfululizo kwa kuogopa kunyamaza mbele ya wenyeji.

La tatu ni kutofika. Vifungu hupigwa vizuri kimoja kimoja, lakini havielekei kwenye Fa kali, na msikilizaji huachwa njiani. Dawa yake ni kujirekodi kwa simu na kusikiliza siku ya pili yake, sikio likiwa limepoa. Pale ambapo mwenyewe anachoka kusikiliza, ndipo palipopotea njia.

Gitaa na hewa ya Doha

Mtindo huu hutaka gitaa la nyuzi za nailoni. Gitaa la nyuzi za chuma, ambalo wengi wamelizoea kanisani na katika bendi, hutoa sauti ndefu na kali mno, na huumiza vidole vinavyofanya ligado. Gitaa halisi la flamenco aghalabu hutengenezwa kwa mbao nyepesi za mvinje ubavuni na mgongoni, nyuzi zake zikiwa karibu na shingo, lakini gitaa la kawaida la kiklasiki latosha kabisa kwa miaka ya mwanzo.

Hatari yake kubwa Doha ni hewa. Nje, joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na unyevu wa bahari huwa mwingi. Ndani, kiyoyozi hukausha hewa usiku kucha. Mbao zinazotoka kwenye hali moja hadi nyingine huvimba na kusinyaa, na mwisho hupasuka. Gitaa likae ndani ya kasha lake likiwa limefungwa, mbali na mdomo wa kiyoyozi, na lisiachwe kamwe ndani ya gari. Watengenezaji wengi hushauri unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55, na kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kasha hakigharimu sana.

Kuhusu majirani, kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya nyuzi karibu na daraja hupunguza sauti kwa mazoezi ya vidole. Katika mwezi wa Ramadhani, na nyakati za sala, adabu ya mahali inataka muziki unyamaze au ubaki ndani.

Mwalimu atoke wapi?

Wapo walimu wa flamenco wanaofundisha kwa njia ya intaneti, na anayeweza kulipia hata somo moja kwa mwezi atafaidika, kwani mwalimu huona mkao wa kifundo cha mkono ambao mwanafunzi hauoni. Mjini Doha kwenyewe, chuo cha muziki cha Qatar kilicho katika kijiji cha utamaduni cha Katara, kilichoanza masomo mwaka 2011, kinafundisha muziki wa Kiarabu na wa Magharibi. Anayepata nafasi ya kumsikiliza mpiga udi akifanya taksimu asiiache kwa kuwa ala si gitaa. Atajifunza kusubiri, na kusubiri ni somo lilelile.

Nusu saa kila jioni ni saa tatu na nusu kwa wiki. Si nyingi, lakini zikikusanywa kwa mkataba wa miaka 2 zinapita saa 350. Kwa muda huo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuzishika falseta kadhaa za jadi, akazipanga, na kupiga taranta fupi iliyo kamili, yenye mwanzo, safari na marejeo.

Waliotoka Almería kwenda La Unión hawakuandika vitabu. Madini waliyoyachimba yaliuzwa na wengine, na mashimo yao sasa yamekauka. Kinachoonyesha hadi leo kwamba walikuwapo ni namna yao ya kuvuta sauti na kunyamaza kabla ya kuendelea. Mfanyakazi anayerudi chumbani kwake Abu Hamour saa mbili usiku, akafungua kasha na kuitafuta Fa kali kwenye uzi wa sita, anajifunza habari yao kwa vidole. Na siku atakapoghani ubeti wake wa mizani nane juu ya gitaa hilo, wimbo huo hautakuwa tena wa La Unión peke yake.